Hadi diski haionekani kwenye kompyuta? Kabla hujaifomati, soma hapa

Wiki iliyopita kijana mmoja mpiga picha za harusi alishuka kwenye basi la Kasulu akaja moja kwa moja dukani kwetu hapa Mwanga, Kigoma, hadi diski kaifunga ndani ya kitenge. "Kaka, humu kuna harusi tatu, na mbili sijawakabidhi wenyewe." Laptopu yake ilikuwa haiioni tangu juzi yake, na rafiki alishamshauri aifomati, yaani aifute na kuiandaa upya. Tulibadilisha waya tu. Harusi zote tatu zikatokea.

Ndiyo maana naandika haya. Hadi diski utanunua nyingine hata leo, lakini harusi ya watu hairudiwi.

Anza na waya. Hadi diski nyingi za kubeba zina ule waya wenye kichwa bapa na kipana, kama vichwa viwili vilivyoungana. Upande huo ndio unaolegea kwanza, kwa sababu watu huitia mkobani waya ukiwa bado umechomekwa, na kila tuta la barabarani bodaboda inapolivuka, kichwa kinapindishwa. Tafuta mwingine wa aina hiyohiyo, mfupi, usiochoka. Waya mrefu wa bei ya chini hupoteza umeme njiani: taa inawaka, lakini diski haipati nguvu ya kuzunguka. Tafadhali lishike hili, taa kuwaka si dalili kwamba diski ni nzima.

Kisha tundu. Tundu la USB la zamani hutoa umeme wa milliampea 500, lile jipya, ambalo mara nyingi ndani yake ni la bluu, hutoa 900. Kama kompyuta ni ya mezani, chomeka nyuma. Yale matundu ya mbele yanapitia waya wa ndani ambao mara nyingi umelegea au umechoka. Halafu ijaribu kwenye kompyuta nyingine. Ikisoma huko, usihangaike na diski tena, tatizo ni mashine yako.

Imegoma kote? Sasa isikilize. Zima redio, ishike kiganjani, chomeka. Diski nzima huanza kwa mvumo laini, na mkono unahisi mtetemo mdogo usiobadilika. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka, nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwenye nafasi ambayo hata chembe ya vumbi haipiti. Ukisikia tak, tak, tak, kimya, kisha tak, tak, tak tena, kichwa kinatafuta pa kusoma na hakipaoni. Chomoa hapohapo. Kila unapoijaribu tena, kichwa kinaweza kukwaruza sahani, na palipokwaruzwa hakuna programu wala fundi wa kuparudisha.

Mwalimu mmoja alituletea ya kwake ikiwa na alama za wanafunzi wa miaka minne. Ilidondoka kutoka mezani, naye akawa anaichomeka kila asubuhi wiki nzima akitumaini siku moja itaamka. Nilisikia ule mlio nikamwambia ukweli: hii inahitaji chumba maalumu kisicho na vumbi, sisi hatunacho. Kuifungua dukani, na vumbi letu hili la kiangazi, ni kuimaliza kabisa. Niliumia naye. Angekuja siku ileile ilipodondoka, walau angeipeleka kwenye chumba hicho kabla haijachakaa zaidi.

Kama inavuma vizuri ila faili huzioni, hapo kuna matumaini makubwa. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, kisha Enter. Ukiiona diski yako pale ina jina na ukubwa wake sahihi lakini haina herufi (kama E: au F:), bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu yake uipe herufi isiyotumika. Umemaliza. Lakini ikiandikwa RAW, au kompyuta ikikuomba uifomati au uianzishe upya (Initialize), kataa. Kompyuta haijakuambia kwamba faili hazipo. Imekuambia tu kwamba haielewi zilivyopangwa. Hata diski iliyopangwa kwa kompyuta za Mac huletewa ombi hilo kwenye Windows, na huenda faili zote ni salama salimini.

Nyingi za namna hii tunazopokea zimeharibika umeme ulipokatika katikati ya kunakili. Diski zilizopangwa kwa mfumo wa kupanga faili uitwao exFAT ndizo zinazoathirika zaidi, kwa kuwa hazitunzi kumbukumbu ya kazi iliyokuwa inaendelea. Watu wengi hukimbilia chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski. Mimi sishauri. Programu ile hurekebisha palepale kwenye diski yako, na ikikosea hakuna kurudi nyuma.

Sisi kwanza tunanakili diski nzima, kipande kwa kipande, kwenda kwenye diski yetu, tukiruka sehemu mbovu na kuzirudia mwishoni. Ya kwako tunaiweka pembeni, faili tunazitafuta kwenye nakala. Diski isiyo na hitilafu ya TB 1 huchukua kama saa 3. Iliyochoka inaweza kuchukua siku kadhaa, kwa hiyo tuvumiliane.

Na kama ulishaifomati? Ile ya haraka hufuta orodha tu, faili zenyewe bado zipo hadi uandike vitu vipya juu yake. Basi usiweke hata wimbo mmoja.

Unapotuletea, ifunge kwenye nguo laini na uje na waya wake. Kama iliingia maji usiianike juani wala kuichomeka, ilete hivyohivyo. Tuambie kweli kilichotokea, hakuna atakayekulaumu. Na tuandikie kwenye karatasi ni faili zipi unazozihitaji kuliko zote, ili tuanze na hizo. Kupima hatutozi, na tusipopata kitu hulipi.