Wanaoshindana kwa magari ya umeme waje Isyonje

Ndugu Mhariri,

Kila nikifungua kurasa za magari nakuta ligi ileile. Rivian walitangulia na pikapu yao mwaka 2021, Ford wakafuata na F-150 Lightning, Tesla wakaleta Cybertruck 2023, huku BYD ya China ikiwabana wote kwa bei. Sifa kubwa ni nani anachomoka haraka. Ile Hummer ya umeme ina uzito wa zaidi ya tani 4, tena tupu! Canter yangu ikijaa viazi mpaka utingo akose pa kukaa, mzigo wenyewe haufiki hapo. (Lumbesa tuiache, sitaki maneno na watu wa vipimo.)

Mimi natoa viazi Isyonje kushusha Uyole. Napanda mtupu, narudi na mzigo, mteremko. Juzi breki zilianza kunuka, nikaegesha pembeni. Utingo akaruka na jiwe lake, akaliweka mbele ya tairi, kisha akatemea mate ringi. Yakachemka hapohapo. Tukakaa karibu saa nzima tukila mahindi ya kuchoma, tunasubiri chuma kipoe. Sehemu ya joto lile ni dizeli niliyonunua kupandia.

Gari la umeme likiteremka, mota yake inageuka jenereta: inalizuia gari na kurudisha chaji kwenye betri. Sasa kati yangu na tajiri wa mjini anayepeleka watoto shule, nani anaihitaji zaidi?

Tena Canter ya umeme ipo. Fuso waliizindua mwaka 2017, ile ya kwanza ikienda kama kilomita 100 kwa chaji. Wa safari ndefu za Tunduma–Dar watacheka, na wana haki. Mimi kwenda na kurudi, chaji haiishi.

Sisemi kesho niuze dizeli yangu. Umeme kwetu unaweza kukatika usiku, saa ambayo ningechaji. Baridi ya Juni hupunguza nguvu ya betri, na fundi wangu, mzee anayejua injini kwa kusikiliza tu, hajawahi kufungua gari la namna hiyo.

Ombi langu, Mhariri: mwandishi wako akikutana na hao wauzaji, asiulize sekunde za kuchomoka. Aulize inabeba gunia ngapi, ikinasa kwenye tope la shambani inavutwaje, na betri ikichoka mpya ni shilingi ngapi.

Mwenye Canter,
Uyole, Mbeya