Barua kutoka Oxford: mstari wa madau na mstari wa atomu

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, mimi mzima, Alhamdulillahi, na natumaini wewe na mkaza mjomba hamjambo huko Tanga. Siku ile kwenye simu uliniuliza ninasomea nini hasa, nikakujibu "fizikia ya sumaku", na nilisikia sautini mwako kuwa jibu halikukutosha. Hata mimi halikunitosha.

Yakumbuke madau yaliyofungwa pale Deep Sea, kila moja kwa kamba kwa jirani yake, mstari mmoja mrefu. Chukulia kila dau laweza kuelekeza omo baharini au nchi kavu tu, na kamba zinalazimisha jirani kumfuata jirani. Ndivyo zilivyo atomu za kobalti katika fuwele ninayoichunguza, ambayo ni mchanganyiko wa kobalti, niobi na oksijeni. Kila atomu ni sumaku ndogo, na omo lake tunaliita spini.

Mwaka 1925 mwanafizikia Ernst Ising alionyesha kwamba katika mstari wa namna hii joto lolote, hata liwe dogo kiasi gani, hatimaye huvuruga mpangilio. Kuugeuza upande mzima wa mstari kunagharimu kusokota kamba moja tu, na mahali pa kuisokotea ni pengi mno. Kwa hiyo mpangilio kamili hudumu penye sifuri halisi pekee, yaani nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi.

Lakini kilichoniteka moyo, mjomba, ni kwamba hata pale ambapo joto halipo kabisa, mpangilio huo bado waweza kuvunjwa. Ukielekeza uga wa sumaku, yaani nguvu ya sumaku iliyoenea mahali, ubavuni mwa mstari, kama upepo unaolipiga dau mbavuni, mwanzoni atomu hushikilia makubaliano yao. Ukizidi kuukaza, hufika kiasi ambacho makubaliano yanakwisha. Mwaka 1970 mwanafizikia Pierre Pfeuty alikokotoa kwamba, katika mfano ulio sahili kabisa, hilo hutokea pale nguvu ya ubavuni inapolingana sawasawa na nguvu inayowafunga majirani. Hapo mfano wa madau unaniacha mkono, kwa sababu dau haliwezi kuelekea pande mbili kwa wakati mmoja, ilhali spini yaweza, na kutotulia huko hakutoki kwenye joto bali ndiyo tabia yenyewe ya kwanta, yaani ya vitu vidogo kama atomu.

Mwaka 2010 watafiti walioongozwa na Radu Coldea waliipoza fuwele kama hii hadi sehemu ndogo ya kelvini moja, yaani chini ya nyuzi moja juu ya sifuri halisi, wakakaza uga hadi karibu tesla 5.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga), na kuipiga kwa nyutroni, chembe zipatikanazo ndani ya kiini cha atomu, ili kusikiliza inavyotikisika. Karibu na mahali pa kuvunjika, mitikisiko miwili ya kwanza ilikuwa na nishati zinazokaribia uwiano wa 1.618, ule uitwao uwiano wa dhahabu. Aleksandr Zamolodchikov alikuwa ameutabiri kwa hisabati tupu mwaka 1989, pamoja na mitikisiko mingine sita. Niliposoma hayo mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikatoka nje kutembea.

Kazi yangu mwenyewe ni ya mikono zaidi kuliko unavyodhani. Wiki nzima iliyopita nilikuwa nikigeuza kipande cha fuwele, kifupi kuliko kidole changu cha mwisho, ili uga ukipige ubavuni barabara. Ukiinama hata kidogo kuelekea kule spini zinakopenda kutazama, basi ni kama upepo umeegemea upande mmoja: madau yote yanajua pa kuelekea, na ile hali ya kusitasita ninayoitafuta haitokei kabisa. Nilirekebisha, nikapima, nikarekebisha tena. Ijumaa usiku kipimo kilionyesha mtikisiko wa kwanza ukishuka polepole, kadiri nilivyokaza uga, kuelekea sifuri.

Nisalimie wote nyumbani.

Mpwa wako