Mwanangu, kuhusu ile bondi

Mwanangu kipenzi,

Nimeisikiza voisi yako mara tatu, ile ya jana usiku unalia ukisema mtu ameua binamu yako na korti imemfungulia mlango. Sikuweza kukupigia manake mamako mdogo alikuwa amelala hapa kwangu, ndio nakuandikia.

Mimi nilikuwepo kortini. Jaji hakusema hana makosa, alisema kesi haijasikizwa, na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 49, inampa kila aliyeshikwa haki ya bondi, yaani kuachiliwa kwa dhamana akingoja kesi iishe, hata iwe kesi ya mauaji, mpaka upande wa serikali ulete sababu nzito ya kumzuia, kwamba atatoroka ama atatisha mashahidi, na kuithibitisha ni juu yao si juu yake. Uchungu wetu peke yake hautoshi kuwa sababu. Hilo liliniuma sana, sikufichi.

Lakini usidhani hatukuulizwa. Afisa wa probesheni alikuja mpaka nyumbani akaketi mkekani na sisi, nikamwambia wazi simtaki mtaani, manake yule msichana aliyeona hupita mlangoni kwao kila siku akienda dukani. Ripoti ikafika kwa jaji, na masharti yakafuata: asikanyage mtaa wetu mpaka kesi iishe, asiongee na shahidi yeyote, pasipoti ibaki kortini, mdhamini aweke hati ya shamba. Akivunja moja bondi yaweza kufutwa arudi rumande. Kwa hivyo tukimuona huku tunamwambia afisa wa upelelezi, si vijana wa maskani.

Sasa nikwambie kitu tulikuficha. Mjomba wako hakuwa Saudia ile miaka ulipokuwa mdogo. Alishikwa 2004 kwa wizi wa mabavu, na wakati huo ukishtakiwa kwa hilo, ama mauaji, ama uhaini, bondi hakuna, hata hakimu akikuonea huruma sheria imemfunga mikono. Akakaa rumande miaka minne, kesi inatajwa, inaahirishwa, leo faili haionekani, kesho shahidi hajaja, nami kila Ijumaa nampelekea sabuni. Babu yako akafariki mwaka wa pili na mwanawe hakutia hata mkono wa mchanga kaburini. Mwisho mlalamishi akasimama mbele ya korti akasema si huyu. Basi, akaambiwa nenda. Akarudi kwetu na mfuko mmoja wa nguo, mkewe ashachukua talaka yake kaolewa kwengine, na mpaka leo ukimtajia babu yako anainuka anatoka nje. Ndio nikisikia watu wakisema afungiwe kwanza halafu tuone, namuona ndugu yangu.

Sisemi huyu ni kama mjomba wako. Mimi naamini aliua, na nataka afungwe, lakini afungwe baada ya yule msichana kusema alichokiona na sisi sote tumekaa tunasikia.

Kwa hivyo nakuomba mama, ile picha yake uliyoiweka statasi, ukaandika na kijiji alikokwenda kukaa, itoe leo hii. Watu wakimvamia huko wakamuua, kesi imekufa naye, na mamako mdogo hatajua kamwe mwanawe alimalizika vipi usiku ule. Kesi inatajwa tena tarehe 14, omba ruhusa kazini uje. Mamako mdogo anataka akae katikati yetu.

Mamako