Mdogo wangu, hata wewe ulizaliwa na tundu moyoni

Mdogo wangu,

Simu hupokei, meseji unasoma na kunyamaza. Basi utanisoma hapa, pamoja na watu wengine.

Mama hajambo. Anamuulizia mjukuu kila asubuhi, wewe hakuulizii.

Siku ile pale kivuko cha Kamanga haitoki kichwani mwangu. Wifi kambeba mtoto, wewe umeshika begi la nepi. Ukalitua miguuni pa mama mkwe wako, wauza sato wanatazama, ukasema, "Kwetu hajawahi kuzaliwa mtoto mwenye moyo uliotoboka. Mkaangalie huko kwenu." Mama wa watu akakaza kanga yake, hakujibu neno. Nikajibu mimi.

Sasa sikiliza, maana siku ile hukusikiliza. Tumboni mtoto hapumui. Mapafu yamejaa majimaji, na oksijeni anaipata kwenye damu ya mama kupitia kondo la nyuma na kitovu. Ndiyo maana Mungu kamwekea damu njia za mkato ili isipite yote mapafuni: tundu kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, na mrija unaotoka kwenye mshipa wa mapafu kwenda mshipa mkuu wa mwili. Kila mtoto anavyo. Ulikuwa navyo wewe, uliyezaliwa ukilia mpaka majirani wa Igogo wakaamka! Mtoto akivuta hewa, mapafu yanafunguka, damu inayamiminikia, na ikirudi upande wa kushoto wa moyo inausukuma utando ulio pale kama mlango, tundu linafunikwa. Mrija nao unabana oksijeni ikiongezeka kwenye damu. Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake, huwa ni siku mbili tatu za mwanzo. Kwa njiti mara nyingi unachelewa, na wengine haufungi wenyewe.

Mwanao ni njiti, mrija wake ndio haujafunga. Mkeo katoboa nini hapo? Na lile tundu la juu, karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne hubaki nalo, dogo, bila kujua. Pengine na wewe umo.

Unawaambia watu nilikuaibisha mbele ya wakwe. Mimi niliyekubeba mgongoni Mama akiwa mwaloni Kirumba anatafuta chakula chetu, nikufokee wapi, chumbani? Ulisema hadharani, ukajibiwa hadharani. Na ningenyamaza, mama yule angejua ukoo mzima unasema kama wewe.

Nakupenda, mjinga wewe.

Wifi anasema mtoto akinyonya anahema na kutoka jasho, na kilo haziongezeki. Hilo si la kusubiri hasira zako ziishe. Mrija huo ulifungwa kwa upasuaji mara ya kwanza mwaka 1938 kule Boston. Leo Dar es Salaam wanaweza kuuziba kwa kupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa paja, kifua hakiguswi. Rufaa ipo. Nauli nimemtumia wifi, si wewe. Kadi ya bima ya mtoto iko kwenye droo yako. Ivushe mwenyewe, usimpe bodaboda.