Moto wa huko juu na mwamba wa huku chini

Kilwa Kivinje,
Oktoba

Sahibu yangu Selemani,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Mama anakusalimu na anauliza kama ufuta wa mwaka huu umepata bei.

Barua yako niliwasomea wenzangu bandarini. Unasema mjumbe wetu wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kutunza bahari na pwani, alipozungumzia moto kichaa kwenye mkutano wa kijiji chenu, wazee walimuuliza: mvuvi na moto wa porini, wapi na wapi? Swali ni la haki. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu wewe umezaliwa huku pwani, sasa unalima huko, tena uko kwenye kamati ya maliasili. Wewe watakusikiliza.

Tangu mwezi wa nane upande wenu unawaka. Mchana moshi hatuuoni sana, kusi inausukuma bara. Alfajiri, upepo wa umande ukishuka, tunakuta majivu kwenye matanga, na watoto wanakohoa. Hayo hupita. Kinachoninyima usingizi ni vuli.

Pori likiungua mwishoni mwa kiangazi, ardhi inabaki uchi. Nyasi na majani yaliyoanguka, ambayo yangeipokea mvua polepole, hayapo tena. Mvua ya kwanza inazoa udongo na majivu, inavimwaga mtoni, na Matandu inatuletea sisi. Maji ya mlangoni mwa mto yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Mikoko inachuja mengi, Mungu aibariki, lakini haichuji yote.

Tumbawe, Selemani, ni mnyama. Ndani ya mwili wake mnaishi vimwani vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo humtengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Tope likitanda majini, mwanga haufiki. Likimtulia mwilini, nguvu yake yote inaishia kujisafisha. Majivu nayo ni mbolea. Yanauotesha mwani wa kawaida juu ya mwamba, pale pale ambapo tumbawe changa lingeshika. Mwamba wa matumbawe ukifa, changu na tasi hawana pa kujificha, na mama zetu wanaochokoa pweza wakati wa bamvua wanarudi na vikapu vyepesi.

Waeleze wazee hao habari za Mentawai. Ni visiwa vya Indonesia, kiasi cha kilomita 150 magharibi ya Sumatra, ng'ambo ya bahari hii hii yetu. Watu wake wanaishi kwa msitu na kwa samaki wa mwambani. Mwaka 1997 Sumatra na Kalimantan ziliungua kwa miezi. Ukame ulikuwa mkali, lakini moto uliwashwa na watu: wakulima wadogo, na makampuni yaliyokuwa yakisafisha ardhi ya mashamba makubwa. Huko Kalimantan serikali ilikuwa imechimba mifereji kukausha maeneo ya mboji, yaani udongo wa majani na miti iliyooza kwenye maji, ili walime mpunga, na mboji iliyokauka huungua chini kwa chini, maji ya ndoo hayaizimi. Moshi ukafunika hadi Singapore na Malaysia.

Mwaka huo huo pepo za Bahari ya Hindi zilibadilika. Zilisukuma maji ya juu kuja magharibi, na kule Sumatra maji baridi ya kilindini, yaliyojaa rutuba, yakapanda juu. Kwa kawaida rutuba hiyo haitoshi kuvistawisha vimwani kupita kiasi, kwa kuwa huishiwa na madini ya chuma. Safari hii chuma kilishuka kutoka angani, ndani ya moshi. Bahari ikawa nyekundu kwa vimwani. Vilipokufa na kuoza vilimaliza hewa ya majini, na mwamba ukakosa pumzi. Karibu matumbawe yote na samaki wake walikufa, katika ukanda wa kama kilomita 400.

Hayo yaliandikwa mwaka 2003 katika jarida la kisayansi la Science na mtafiti Nerilie Abram na wenzake. Walipima matumbawe ya kale pia, ya miaka kama 7,000 nyuma, wakakuta kwamba maji baridi ya namna hiyo yalikwisha kupanda mara nyingi, mengine kwa nguvu zaidi, bila kuua mwamba kiasi hicho. Kilichoongezeka mwaka 1997, wanasema, ni moshi. Nilipofika hapo niliweka karatasi chini. Watu wa Mentawai hawakuwasha ule moto, na samaki waliokufa walikuwa wao.

Unaikumbuka El Nino, ile mvua iliyokata barabara tukiwa wadogo? Ni kiangazi kile kile cha Indonesia, kwa upande wa pili: maji ya moto yaliyosukumwa kuja kwetu ndiyo yaliyotunyeshea. Mwaka 1998 joto la bahari likapausha na kuua matumbawe mengi tangu Kenya hadi Mafia. Hilo halikuwa la moto, nisikudanganye. Ila mwamba uliokwisha kuumwa na joto hauna nguvu za kupigana na tope.

Sisemi yaliyotokea Mentawai yatatokea Kilwa. Moshi wetu ni mdogo, na kusi inaupeleka kwingine. Njia yetu ni mto. Wala sisemi wakulima wa ufuta ndio peke yao. Warina asali na wawindaji nao huacha moto nyuma yao. Lakini shamba jipya la ufuta linalochomwa mchana wa mwezi wa kumi, upepo ukivuma, bila barabara ya moto, ule ukanda uliofyekwa ili moto usivuke, kuzunguka, hilo mnaweza kulizuia mwaka huu huu.

Tena dawa mnayo huko huko wilayani. Vijiji vyenye misitu ya mpingo huchoma mapema, mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa bado na ubichi. Moto huo unatambaa chini, miti haiumii, na umande wa usiku unauzima. Zikifika siku kavu, moto kichaa unakuta sehemu zilizokwisha kuungua, unakosa pa kupita. Kwa mashamba, fyekeni barabara ya moto kwanza, chomeni jioni upepo ukitulia, na majirani wawepo.

Ombi langu ni moja. Kamati yenu ikikaa kupanga ratiba ya kuchoma, sisi wavuvi tuitwe. Hatuji kulalamika. Vijana wa BMU wako tayari kupanda huko mwezi wa tano kufyeka pamoja nanyi. Nimewauliza, wamekubali, na wanataka tu mahali pa kulala na mtu wa kuwaonyesha mipaka. Niandikie tarehe mapema tuchange nauli, na uniambie kama wale wazee waliouliza watakuwepo. Mmoja wao, kama ni yule ninayemdhania, alivua na marehemu baba yangu, na ningependa nizungumze naye mwenyewe.

Wasalimie watoto na mama yao.

Wasalaam,
Rafiki yako, Hamisi