Shoga yangu, usichague upande mapema

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na hongera kwa kazi mpya. Umeniuliza kama mfumo wa kompyuta wa mikopo wa SACCOS yenu ujengwe kwa hatua za kufuatana au kwa mizunguko, yaani kipande kidogo kijengwe, kijaribiwe na watumiaji, kirekebishwe, ndipo kifuate kingine, maana bodi inataka njia ya kwanza na vijana wa programu wanaicheka.

Wasiicheke. Mahitaji yakiandikwa yote, yakasainiwa, ndipo mkajenga, mkapima na kukabidhi, bei na tarehe mnazijua mapema. Ubaya ni kwamba karani anauona mfumo mwishoni, fedha zimeshakwisha. Winston Royce, Mmarekani anayesingiziwa kuuasisi mtindo huo, aliuchora kwenye makala yake ya 1970, na humohumo akaonya kuwa kuufuata hivyo ulivyo ni hatari. Watu wakabeba mchoro, onyo wakaliacha palepale!

Sasa, kuona faida ya mizunguko, tazama M-Pesa. Ilijaribiwa Kenya kuanzia Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa wateja wachache wa taasisi ya mikopo midogo. Shabaha ilikuwa kurejesha mikopo kwa simu. Wateja wenyewe wakaanza kutumiana pesa, huku taasisi ikihangaika kuoanisha hesabu zake. Safaricom ilipoizindua Machi 2007, marejesho yalikuwa yamewekwa kando, na kilichotangazwa ni kutuma pesa nyumbani. Hata ungewahoji watu mwaka mzima ofisini, hilo usingelipata.

Lakini usiwaache vijana wajenge kila kitu kwa mizunguko. Kanuni za riba, leja, kuhamisha salio za wanachama kutoka madaftarini: hayo yaandikwe kwanza, mhasibu asaini, yapimwe hadi senti ya mwisho. Salio la mtu si la kujaribia. Skrini za karani, ujumbe wa SMS na fomu ya mkopo ndizo zitoke kila wiki mbili. Kaa nyuma ya karani, kimya, uone anakwama wapi. Niliwahi kumwona mmoja akinakili namba ya mwanachama kwenye kikaratasi, kwa kuwa skrini ya pili ilikuwa haiionyeshi.

Halafu mkataba, na hapa ndipo wengi huumia. Malipo yafuate kipande kinachofanya kazi, si ripoti ya awamu. Tena weka kifungu: hitaji jipya likiingia, la zamani la ukubwa uleule litoke. La sivyo mkandarasi atakudai kwa kila badiliko.

Nitumie rasimu kabla bodi haijakaa, hasa ukurasa wa malipo.

Wako wa siku zote