Dozi zilizotupwa si kashfa

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, na ningeendelea kunyamaza kama si ile ripoti yenu ya dozi za chanjo ya surua zilizotupwa katika eneo la vita. Mwandishi wenu alihesabu dozi zilizoshushwa kwenye ndege, akahesabu watoto waliochanjwa, akatoa, na kilichobaki akakiita ubadhirifu. Hesabu ya kutoa anaijua vizuri. Chanjo haijui.

Chanjo ya surua huja ikiwa unga, mara nyingi dozi 10 katika kichupa kimoja. Ukishaichanganya na maji yake una saa 6, au mpaka mwisho wa zoezi la siku hiyo, lolote litakalotangulia. Baada ya hapo unatupa, hata kama zimebaki dozi 8, kwa sababu humo ndani hamna kitu cha kuzuia bakteria kuzaliana. Sasa mama anafika na mtoto mmoja wakati milio ya risasi imetulia kidogo, wala hajui kama kesho njia itapitika. Mchanjaji afungue kichupa kwa mtoto huyo mmoja? Afungue, tena bila kusita. Dozi 9 zikitupwa jioni, kazi imefanyika inavyotakiwa. (Chanjo ya matone ya polio na ile ya pentavalenti, yaani ya magonjwa matano kwa pamoja, zina masharti mengine: kichupa kilichofunguliwa kinaweza kutumika hadi siku 28 kikitunzwa vizuri. Ripoti yenu ilizichanganya zote kwenye jumla moja.)

Kama mnatafuta kashfa ya kweli, itafuteni pale ambapo hakuna kilichotupwa. Mei 2017, Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa baada ya kuchanjwa surua, wote chini ya miaka mitano. Bomba la sindano la kuchanganyia, ambalo hutupwa baada ya kichupa kimoja, lilitumika kwa vichupa vingi kwa siku zote 4 za kampeni. Chanjo yenyewe ilikaa siku hizo bila jokofu, na miongoni mwa waliochanja walikuwemo watoto wa miaka 12. Miaka mitatu kabla, Septemba 2014, Idlib nchini Syria, walikufa watoto 15 vilevile, kwa sababu mahali pa maji ya kuchanganyia palitumika atrakuriamu, dawa ya kulegeza misuli inayotumika kwenye upasuaji. Ndiyo maana sisi waratibu wa chanjo tunasisitiza, mpaka wageni wanatuona wakorofi, kwamba maji ya kuchanganyia yatoke kwa mtengenezaji yuleyule wa chanjo, yasafiri pamoja na vichupa kwa idadi ileile, yapozwe kabla ya kuchanganywa, na dawa nyingine yoyote isikanyage ndani ya jokofu la chanjo. Vita huvunja kila moja ya masharti haya: jokofu linabaki moja kwa hospitali nzima, wenye ujuzi wamekimbia, na gari la pili, lenye maji, limezuiwa barabarani. Katika hali hiyo mtu mwenye ujasiri wa kusema "tupa" ni wa kushukuriwa, nanyi mmemweka ukurasa wa mbele kama mwizi.

Halafu hizo saa za kusitisha mapigano mnazoziandika kwa furaha. Gaza, Septemba 2024, kampeni ya polio ilipewa saa 12 asubuhi hadi saa 9 alasiri, eneo moja baada ya jingine, na ilifanikiwa kwa sababu maandalizi yalianza mapema. Pakiti za barafu huchukua saa 24 au zaidi kuganda sawasawa, na jenereta inahitaji dizeli usiku kucha. Makubaliano yakitangazwa usiku kwa ajili ya alfajiri, barafu haipo. Na ikiwepo, usiipakie ikitoka kwenye friza moja kwa moja: iache nje mpaka ukitikisa pakiti usikie maji yakicheza ndani, la sivyo chanjo za pentavalenti na pepopunda zitaganda na kuharibika. Ile alama ya mraba ndani ya duara kwenye kichupa hubadilika rangi kwa joto tu. Baridi haiioni, kwa hiyo kichupa kilichoganda huonekana kizima kabisa. Ripoti haikusema ni dozi ngapi zilitupwa kwa sababu askari wa kizuizi cha barabarani walifungua makasha juani na kuyaacha wazi wakitafuta silaha.

Na kwa kuwa nimeshaanza: hiyo desturi ya kupiga picha wachanjaji wakiwa na wasindikizaji wenye bunduki ikome. Mwaka 2011 CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilitumia kampeni bandia ya chanjo ya homa ya ini B mjini Abbottabad, Pakistan, katika kumsaka Osama bin Laden, na Ikulu ya Marekani ikaja kutamka mwaka 2014 kwamba shirika hilo halitatumia tena programu za chanjo. Katika muda huo wachanjaji wa polio wa Pakistan walikuwa wameshaanza kuuawa. Mchanjaji akionekana gazetini na upande mmoja, upande wa pili haumfungulii mlango.

Pendekezo langu ni dogo. Safari ijayo mpeni mwandishi wenu kibebeo cha chanjo, pakiti 4 za barafu na kipimajoto. Akae nacho kwenye kizuizi cha barabarani kutoka alfajiri mpaka askari waridhike, asome nyuzi joto kila saa, na zikizidi 8 za Selsiasi, kikomo cha chanjo, atuandikie kwa nini. Akimaliza, achapishe namba nne badala ya mbili: dozi zilizopakiwa, vichupa vilivyofunguliwa, watoto waliochanjwa, na vichupa vilivyorudi vikiwa vizima. Wakati huo huo iondoeni mtandaoni picha ya ukurasa wa mbele, leo hii, maana namba ya gari inasomeka.

Mratibu wa chanjo